Vichwa vya Wanawake wa Dzaleka

Jumatatu, 7 Agosti 2000

Baridi. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Nimevaa koti langu jeupe la ukalimani juu ya sweta mbili, nimekaa kwenye benchi langu katika zahanati ya kambi yetu ya wakimbizi, kati ya Daktari Mphande na mgonjwa. Hapo ndipo mahali pangu. Daktari ni Mmalawi, Kiswahili hajui. Wagonjwa ni Wakongo na Warundi, Kichewa hawajui. Bila mimi wangetazamana tu mpaka jioni.

Shule sikuiona. Kuandika nimejifunza kanisani, Kichewa sokoni, hesabu kwenye magunia ya maharage kule Fizi, Kongo. Kwa hiyo leo nimehesabu. Wanawake ishirini na watatu wamepita mbele yangu. Ishirini na mmoja: kichwa.

Wengine huanza mbali. Mama mmoja alianza na vita, akapita ziwani, akafika kwenye mimba iliyotokea njiani na mambo yaliyofuata mimba. Nikamwomba afupishe, watu wanangoja. Akasema basi, kichwa. Nikamwambia daktari "mutu", neno moja, Kichewa safi, naye akaandika panadol. Daktari amenisifu kwamba benchi langu linakwenda haraka kuliko benchi lolote wilayani Dowa.

Lakini vichwa ishirini na kimoja? Upepo ni mmoja, mahindi ni yaleyale, maji ni ya pampu ileile, na waume zao vichwa haviwaumi. Mfanyabiashara hahitaji kuambiwa mara mbili. Bidhaa ikiingia kwa wingi mlango huu, mlango wa nyuma kuna mnunuzi.

Wanauza panadol.

Hata Charlotte, mke wangu, ana kichwa. Wiki ya tatu sasa. Nimemtafsiria mwenyewe. Nilimuuliza mbele ya daktari anaumwa nini. Akanitazama mimi, akamtazama daktari, akatazama sakafu, akasema kichwa. Ila anatembea ameinama, mkono tumboni. Nikamwambia kichwa kiko juu, mbona unainama? Akasema kichwa kikiuma sana mwili wote huinama. Hilo sikulijua. Kila siku mtu hujifunza.

Jioni nikamuuliza vidonge vimebaki vingapi. Akanionyesha. Hesabu ilikuwa sawa. Yeye simshuku. Kwa sasa.

Jumatano, 9 Agosti

Nimemjua mnunuzi. Ni Asumani wa Kindu, anayeuza sabuni na betri mkabala na kanisa letu. Kila Jumatano huenda soko la Mponela na gunia tupu, hurudi na gunia limejaa. Mtu mwaminifu gunia lake hujaa mara mojamoja.

Tena leo limekuja jambo jingine. Gari jeupe kutoka Lilongwe, na ndani yake Madamu Chimwaza, muuguzi mwenye miwani na kadi nyingi. Anafanya uchunguzi. Anataka kujua kama matibabu ya hapa yanasaidia, na hataki kumuuliza daktari. Anataka kumuuliza mgonjwa! Wiki mbili baada ya dawa: unalala? unachota maji? unapika? maumivu yamepungua, yamebaki, au yamezidi? Nimekaa sokoni miaka ishirini, sijaona mtu anamuuliza mbuzi kama kamba imefungwa vizuri.

Nikajitolea kutafsiri. Akanishukuru kwa heshima, zikomo kwanza na zikomo mwisho, akasema katikati kwamba haifai. Mtu anayekaa kati ya daktari na mgonjwa hawezi tena kuwa yeye anayeuliza kama mambo yalikwenda vizuri pale kati. Atamtumia mwanamke wa hapahapa kambini, ameshampata. Zaituni.

Zaituni ni dada yake Asumani. Baba mmoja, mama mmoja.

Nilitikisa kichwa kama mtu asiyejua kujumlisha.

Ijumaa, 11 Agosti

Zaituni anawauliza wanawake kwenye chumba cha gereza la zamani, maana kambi hii zamani ilikuwa gereza, kile chenye mlango wa chuma. Dirisha dogo, nondo tatu. Nilisimama chini yake nusu saa nikijifanya nafunga kiatu.

Nilisikia kicheko. Halafu mtu analia. Maneno sikuyapata, upepo ulikuwa wa upande wao.

Walitoka mmojammoja, macho mekundu. Maana yake ni nyepesi: wamegawana faida na faida haikutosha.

Nilipoinuka nikakuta Mama Ntirampeba, yule bibi Mrundi asiyeogopa mtu, amesimama nyuma yangu na ndoo yake. Sijui tangu saa ngapi.

"We mutafsiri," akasema, "hata huku unatufwata? Ulifikiri tutakosa wa kutukatisha?"

Wote walicheka. Na Charlotte alikuwa katikati yao. Alicheka kidogo, akashika tumbo.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimefunga mlango wa nyuma. Sheria mpya ya benchi: kila mwanamke anayepewa panadol za kichwa anameza mbili za kwanza mbele yangu, kwa kikombe changu. Nikamwambia daktari ni kwa usalama wao. Akasema fikra nzuri.

Walimeza. Wote. Mama Ntirampeba alimeza, akafungua mdomo, akauliza kama nataka kuhesabu na meno pia, hayachukui muda.

Charlotte naye alimeza. Sikumpendelea. Alinirudishia kikombe bila kunitazama, na nyumbani hakusema neno mpaka tukalala. Mwanamke akinyamaza namna hiyo ana jambo. Nimekagua chini ya kitanda. Hakuna vidonge.

Jumatano, 16 Agosti

Leo Mponela, kwa ruhusa ya daktari. Nilitembea mpaka lami, nikapanda matola, lile gari la mizigo linalobeba na watu, nyuma kabisa, juu ya magunia ya mahindi. Asumani alikuwa mbele. Nilijifunika uso kwa kitambaa kama mtu mwenye jino.

Sokoni nilimfuata kibanda kwa kibanda. Panadol hakuuza hata moja. Mjanja. Alinunua sabuni, akanunua betri, kisha akaingia kwa fundi cherehani mmoja na kutoka na gunia limevimba. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamshika mkono mbele ya watu, nikasema gunia lifunguliwe.

Lilifunguliwa. Vipande vya pamba. Mabaki ya mashuka, yamekatwa vizuri, yamekunjwa. Gunia zima.

Wauza nyanya walijaa kutuzunguka. Nilimuuliza matambaa yote haya ni ya nini, nani anayanunua, na kwa nini yanakwenda kwa dada yake na si kwenye meza yake. Asumani alikunja vipande vyake taratibu, kimoja kimoja, kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Nicole, muulize mama wa nyumba yako. Kila wiki anachukua fungu kubwa kupita wote."

Basi Charlotte ni mshirika! Njia nzima ya kurudi nilifikiri. Vipande vya pamba, siri, wanawake peke yao. Wanashona mablanketi ya viraka. Watayauza Lilongwe msimu huu wa baridi, na mimi nalala chini ya blanketi la kambi lenye tundu.

Nilimuuliza. Alisema ni vya kazi za nyumbani. Nikauliza blanketi la kwanza litakamilika lini. Kisha akaenda kuosha sufuria.

Ijumaa, 18 Agosti

Ushindi. Wiki iliyopita mpaka Ijumaa vichwa vilikuwa vimepita mia moja. Wiki hii, tangu sheria ya kikombe, ishirini na saba. Leo peke yake, viwili. Benchi lilikuwa tupu saa nne asubuhi. Nilimpelekea Daktari Mphande hesabu: tumeponya vichwa vya Dzaleka kwa siku tano, bila dawa mpya.

Madamu Chimwaza alikuwepo. Aliuliza wanawake waliokuwa wanakuja wako wapi. Nikasema wamepona, ndiyo maana hawaji. Akaandika kitu. Akauliza kama nina hakika kwamba mtu asiyekuja amepona. Nikasema kwa hesabu, asiyeumwa haji. Akasema na aliyekata tamaa?

Hapohapo walikuja kuniita. Charlotte ameanguka penye pampu.

Nilimkuta amelala ubavu, kichwa mapajani mwa Zaituni. Kitenge kilikuwa kimelowa, na si kwa maji. Nilisema kwa wote kwamba ni kichwa, ana kichwa tangu Julai, apewe nafasi avute hewa. Zaituni hakuninyanyulia hata uso. Alimwambia Madamu maneno kwa Kiingereza, Kiingereza chake kibovu lakini kirefu. Hakufupisha hata kidogo. Madamu alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mlango wa gari.

Jumamosi, 19 Agosti. Lilongwe

Hospitali kubwa. Niliingia na koti langu jeupe ili nitafsiri. Muuguzi wa wodi akanitoa. Nikamwambia mimi ni mkalimani mwenye uzoefu na ni mume, yaani nina haki mara mbili. Akasema ndiyo maana nitoke mara mbili. Alisema kwa Kichewa, lakini maana ilikuwa hiyo. Zaituni akabaki ndani.

Ni uvimbe kwenye mji wa mimba. Anatokwa na damu tangu Mei. Damu imebaki kidogo mwilini mpaka daktari wa hapa alishangaa kwamba alikuwa bado anachota maji. Kwanza wamwongezee damu, kisha wapasue. Mimi nimetoa chupa moja. Asumani, aliyekuja kumletea dada yake nguo, naye ametoa moja. Ya kwake ilijaa kabla ya yangu. Nimeliona hilo.

Nalala mtaa wa Area 23 kwa Melchior, mshona viatu, tulikuwa majirani Fizi. Aliuliza kama naogopa. Nikasema sijapata nafasi. Kisha sikuweza kumaliza nsima yake, ule ugali wa Kimalawi.

Jumatano, 23 Agosti. Lilongwe

Amepasuliwa jana. Yuko hai. Leo ameomba chai, na akalalamika kwamba sukari ni kidogo. Nilitoka nje kidogo, nikasimama ukutani na wale wengine wanaouguza wagonjwa wao, nikapenga kamasi. Baridi ya Lilongwe ni mbaya.

Madamu Chimwaza alinikuta hapo. Alinieleza uchunguzi wake polepole, kama mtu anayemwekea mwenzake mzigo begani. Wanawake waliopita benchini kwangu na kichwa, wengi wao wiki mbili baadaye walisema maumivu yako palepale au yamezidi. Hilo lilimshangaza, kichwa hakikai hivyo. Alipoongeza swali moja, unaumwa wapi hasa, na aliyeuliza akawa mwanamke, chumbani, mlango umefungwa, theluthi mbili hawakuwa na kichwa kabisa. Walikuwa na mambo ya kike. Mambo ambayo mtu hamwambii jirani anayesali na mume wake kanisa moja.

Nikamwambia basi walidanganya. Akasema walijibu walichoweza kujibu.

Nikaingia kwa Charlotte. Nilitaka kumuuliza kwa upole, ikatoka kama nilivyo. Kwa nini hukuniambia?

"Ningekuambia namna gani, Baba Nicole?" akasema. "Uliniuliza mbele ya mwanaume mgeni, na mdomo wangu njo ulikuwa wewe."

Nikasema na nyumbani je? Nyumbani hakuna daktari.

"Nyumbani ulikuwa unauliza vidonge vimebaki vingapi."

Hiyo ni kweli. Nilikuwa nauliza. Nilitazama dripu ikidondoka, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Nilimshika mguu juu ya shuka. Ulikuwa wa moto, wa moto mzuri.

Kisha nikakumbuka, nikamuuliza kuhusu mablanketi. Alianza kucheka, akashika mshono, akaniomba kwa jina la Yesu nitoke nje.

Jumatatu, 18 Septemba. Dzaleka

Mambo yamebadilishwa zahanatini. Wanawake wana chumba chao na mkalimani wao, Zaituni, pazia limeshuka. Nimesogezwa. Koti wameniachia. Benchi langu sasa ni la wanaume tu.

Charlotte alikuja kuulizwa maswali ya kadi. Unalala? Ndiyo. Maumivu? Yamepungua. Maji? Bado, amekatazwa mpaka mwezi wa kumi na moja. Maji nachota mimi. Ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, mbele ya kambi nzima. Mama Ntirampeba huniuliza kila siku kama nataka anitafsirie kwa pampu.

Na hizi ndoo zimenipa jambo. Huko chini. Sikiandiki kitu chenyewe hapa, daftari nalo lina masikio. Wiki ya pili sasa. Nikikohoa, kinashuka.

Leo nikaenda kwa Daktari Mphande kama mgonjwa. Lakini Madamu amepanua uchunguzi, sasa na wanaume wanaulizwa, na aliyewekwa kuwauliza ni Asumani. Amekaa palepale na kadi zake, mguu juu ya mguu. Daktari akauliza tatizo ni nini. Nikamtazama daktari. Nikamtazama Asumani. Nikasema mgongo.

Asumani aliweka kalamu chini. Akasema kwa adabu, sitamnyima hilo, kwamba kama kuna jambo ambalo haliwezi kupita kwake, Alhamisi atakuja mwanaume mwingine wa Lilongwe, mgeni, hanijui, simjui.

"Ni mgongo," nikasema.

"Sawa, ndugu yangu. Ukibadili jibu, mi niko sokoni."

Nimepewa panadol kumi. Nimerudi nimetembea nimepanua miguu kidogo, ila upepo ulikuwa mkali, haikuonekana.

Sasa nimekaa na kufikiri, na kuna jambo halikai sawa. Wanaume waliopita benchini kwangu leo ni kumi na tisa. Mmoja jino. Kumi na wanane, mgongo! Vijana, wazee, hata yule mwalimu ambaye hajainua kitu kizito kuliko chaki. Wote wanatazama sakafu, wote wanaondoka na vidonge kumi kumi. Nijitoe mimi mwenye sababu zangu, wanabaki kumi na saba.

Bidhaa inaingia kwa wingi. Mahali fulani kuna mnunuzi. Jumatano, nikiweza kupanda matola, niko Mponela.