Prezida wa Sursi

Jumamosi, 7 Machi 2009

Salongo, kazi ya pamoja, kwenye sursi, jicho la maji tunalochota wote. Nilifika wa kwanza, nimevaa shati la kola, maana leo tulikuwa tunachagua prezida wa komite. Wakamchagua Mwalimu Jérôme, jirani yangu. Bila hotuba! Ana buti za mpira tu. Mimi hotuba nilikuwa nayo mfukoni. Nikapewa kutunza mlango: kipande cha udongo pale watu wanapoingia kuchota. Mtaro wa maji machafu ya vyoo vya juu unapita hapo hapo, unanuka.

Sursi iko katikati. Huku avenue yetu, mtaa wa wenyeji, kule mlimani watu waliokimbia kutoka Gety mwaka jana. Msemaji wao ni Mama Agathe, mjane. Analima kama analipwa. Mara ya kwanza tangu vita kati yetu nimeona watu wa pande zote mbili wameshika mapanga mahali pamoja, na wote wanakata nyasi. Walicheka kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria uchaguzi.

Jumapili, 8 Machi

Habari baada ya misa! Jumamosi ijayo wageni wa mradi wa maji watakuja kuangalia kazi. Atakayewafurahisha ataenda Kisangani kujifunza. Kwa ndege! Jérôme alishapanda ndege, ametueleza vya kutosha. Zamu yangu.

Jumatatu, 9 Machi

Nimepata wazo. Wageni wanapenda miti. Miche inachelewa kukua, kwa hiyo nimekata matawi makubwa ya mikaratusi na kuyasimika mlangoni. Msitu kwa asubuhi moja! Mke wangu Madeleine aliuliza mti bila mizizi utakunywa kwa mdomo gani. Nilimwambia hana maono. Divine, mjukuu wa Mama Agathe, mtoto wa kwenda chekechea, alisimama na kibidoni chake cha kuchotea maji akauliza kama miti yangu ni migonjwa. Kiongozi habishani na watoto.

Jumatano, 11 Machi

Msitu umekauka. Uliobaki umeliwa na mbuzi. Namshuku mbuzi wa Jérôme.

Lakini kosa si msitu. Kosa ni mtaro! Nani atatazama miti huku ameziba pua? Leo, Jérôme akiwa shuleni, nilichukua jembe nikaugeuza mtaro. Sasa haupiti mlangoni kwangu. Unapita nyuma, juu ya sursi, penye majani marefu. Hakuna mgeni atakayefika huko. Maji yalinitii mara moja. Jérôme hajawahi kutiiwa hivyo hata na darasa lake.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua kubwa jana. Leo maji ya bomba la sursi yametoka ya rangi ya chai, na harufu ninayoifahamu. Watoto wanaharisha, huku kwetu na kule mlimani. Divine naye amelala.

Watu walijaa kwangu wakiuliza nini kimeharibu maji. Mimi sikumtaja mtu. Niliuliza tu, kama mtu mwenye kufikiri, ni nani wanaokaa mlimani, juu ya sursi. Swali tu! Saa za jioni lilikuwa limeshageuka jibu. Vijana wa avenue wanasema watu wa Gety wametia sumu. Katika mji huu neno hilo halitembei kwa miguu.

Madeleine aliniuliza jembe langu lilikuwa wapi Jumatano. Nilisema linachunguzwa.

Jumamosi, 14 Machi

Siku mbaya. Vijana walipanda asubuhi na mapanga yale yale ya salongo. Kule mlimani wanaume nao walitoka na yao. Mimi nilisimama nyuma ya choo cha jirani, mahali pazuri pa kufuatilia hali.

Jérôme akaingia katikati, mikono mitupu. Alisema atakayepita apite juu yake. Jiwe likatoka, sijui upande gani, likampiga kwenye jicho. Alianguka akapiga magoti, akasimama tena. Damu ilimwagika hadi kwenye buti.

Hapo Mama Agathe akapaza sauti: “Siye pia tunakunywa maji hii! Divine wangu iko anakufa mu nyumba. Mutu anaweza kutia sumu mu maji ya mutoto wake?”

Akawaongoza wote nyuma ya sursi, akafunua majani. Mtaro ulikuwa wazi, na alama za jembe. Mimi nilikuwa nimeshasogea kuona. Aliziangalia zile alama. Kisha aliniangalia mimi. Muda mrefu.

“Mvua,” alisema. “Mvua ndiyo ilivunja ukingo.”

Vijana wakashusha mapanga. Gari la wageni lilikuja, likaona watu, likageuka. Hata hawakuuona mlango wangu.

Nyumbani nilimwambia Madeleine kwamba kumbe ilikuwa mvua. Akasema: “Mama ule angetaja jina yako, nani angemusadiki, mukimbizi? Wangemukata yeye kwanza. Unajua leo tungezika watu wangapi?” Nikasema ndiyo maana mvua ni hatari sana.

Jumatatu, 16 Machi

Divine alifariki jana alfajiri. Leo tumemzika. Watu wa avenue walipanda na majembe bila kuitwa, wakachimba pamoja na watu wa Gety. Kaburi fupi sana. Jérôme alikuja kutoka hospitali na bandeji; wanasema lile jicho halitaona tena. Wote walimpa mkono. Mimi nilipofika mbele ya Mama Agathe kumpa pole, alikuwa ameficha mikono yake ndani ya kitenge.

Usiku sikulala. Pengine maharage.

Jumamosi, 28 Machi

Jérôme bado yuko hospitali. Nimekubali kuwa prezida wa muda. Wengine hawakutaka, nami sikimbii majukumu. Hotuba nimeisoma hatimaye, mbele ya Madeleine na shefu wa avenue, aliyekuwa na haraka.

Mtaro wamesharudisha mahali pake, maji ni meupe. Watu wa Gety hawaji tena kuchota. Hakuna foleni, hakuna kelele, nyasi zinapendeza. Usimamizi ukiwa mzuri unaonekana.

Madeleine anasema wamepata jicho jingine la maji, mbali kule bondeni. Wamelichimba wenyewe, wamelizungushia mawe, na Mama Agathe anakaa hapo mchana kutwa akilinda.

Nimeuliza. Halina prezida. Jumatatu nitashuka na jembe.