Mnyoo wa Kushonea Pindo

Profesa alipoingia buchani hakuangalia nyama. Alimwangalia muuza nyama, mwanamume mnene aliyekuwa akimkatia mteja vipande na kujitupia kimoja kinywani kila baada ya viwili, kibichi, kama anayetafuna karanga. Mtu mwingine angeona ulafi. Profesa aliona riziki.

"Bosi, unakula sana na hushibi," alisema kwa huruma aliyoifanyia mazoezi.

"Umejuaje?"

"Macho yako, bosi. Una tegu. Na huyo si tegu wa kupanga chumba, huyo kajenga kabisa. Ataanza na tumbo, atamalizia na ubongo."

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Aliwahi kufagia kliniki ya mifugo kwa miezi saba, akaondoka na koti jeupe, maneno kumi ya kitaalamu na katoni ya maganda matupu ya dawa za ndama. Ndani ya kila ganda husokota utepe mwembamba mweupe, ule wa kushonea pindo za sketi. Mgonjwa anameza, machozi yanamtoka, ganda linayeyuka, na kesho yake chooni anashuka mnyoo mrefu kuliko dhambi zake. Ni dawa gani nyingine inayokuja na ugonjwa wake humo humo?

Saa hiyo Profesa huwa mji wa tatu, juu ya pikipiki yake. Pikipiki hiyo ilikuwa mali yake yote, ofisi yake, na sababu ya kuwa na meno kamili hadi leo. Hajawahi kubaki kuiona dawa yake ikitoka.

Safari hii tamaa ilimkalisha. Muuza nyama alimtia mnyoo wake kwenye chupa kwa fahari ya baba wa mtoto wa kwanza, kisha akaagiza vidonge ishirini avilangue pale pale kaunta. Profesa akakaa siku nne akisokota tepe, huku akilishwa bure nyama ya kuchoma iliyoiva nusu.

Chupa ikamfikia mke wa muuza nyama, mtaalamu wa maabara ya zahanati. Alimnyoosha mnyoo kwa kibanio, akaziona nyuzi zake moja moja, akacheka mpaka akavua miwani. Hakumwambia mumewe kitu. Mume aliyekwisha kununua ishirini haelezeki. Alichukua kidonge kimoja kati ya hivyo, akauhamishia utepe wake kwenye ganda jekundu, akamwita Profesa.

"Karibu, shemeji daktari. Nataka jicho la mtaalamu mwenzangu. Hebu chungulia."

Profesa aliinamia hadubini. Akaona viduara vyenye kingo nyeusi, vinang'aa katikati. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angemwambia kuwa hayo ni mapovu ya hewa. Lakini daktari ataulizaje jambo kama hilo na koti likabaki mwilini?

"Mayai," alitamka.

"Ya nini, shemeji?"

"Ya tegu. Tena yamekomaa."

"Ahsante. Mimi niliogopa kusema. Unakumbuka jana nilikuomba choo chako, cha mtu mwenye afya, nikilinganishe na cha mume wangu?"

"Nakumbuka."

"Hicho ndicho."

Profesa alivuta kiti. Alizikumbuka siku nne za nyama nyekundu katikati, na maneno yake mwenyewe kuhusu ubongo.

"Bahati nzuri una vidonge vyako," mama maabara alimfariji.

"Vile... havimfai anayevitengeneza, shemeji. Mwili umeshavizoea."

"Ooh. Basi kipo changu hiki chekundu. Ndicho cha mwisho. Ila bei yake, shemeji, naona hata aibu kuitaja."

Aibu ile haikudumu. Baada ya dakika kumi kadi ya pikipiki ilikuwa imesainiwa, na Profesa amemeza kidonge kwa glasi tatu za maji, machozi yakimtoka.

Asubuhi ya pili, foleni ya zahanati ilimkuta mlangoni, kwa miguu, ameinua chupa juu. Mke na mume walikuwa wametoka kupita na pikipiki, mume akipiga honi bila sababu. Profesa aliwapungia kwa shukrani ya kweli, ya kwanza maishani mwake.

"Huyu hapa," alihubiri, bila kumtoza mtu. "Sentimita tisini. Angefika ubongoni, leo mngekuwa mnanizika. Nendeni kwa yule mama."

Mshona nguo aliyekuwa mbele kwenye foleni alisogea, akaigeuza chupa kwenye mwanga.

"Kaka, mbona huu ni utepe wa pindo? Mimi nanunua rola nzima kila wiki."

Profesa aliichukua chupa yake taratibu, akamtazama kwa masikitiko.

"Dada yangu, wewe umesomea udaktari?"