Tafadhali Msituwekee Paa

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Manispaa, pamoja na karani atakayeifungua barua hii kwanza.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka upande wa juu wa mji, barabara ya kwenda Merigi, ambako chai inachipua vizuri na sisi wenyewe hatujambo. Mimi ni Bethwel Kipkurui, mkulima na mfugaji, jirani wa karibu wa kile Kituo cha Vijana ambacho mkandarasi alikiacha kikiwa kuta tupu, akasema anaenda kula chakula cha mchana. Wakati huo binti yangu Nelvine alikuwa anaanza shule. Sasa yuko Kidato cha Nne, na mkandarasi bado anakula.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulitangaziwa kwamba manispaa imekubali kuwa mdhamini wa mkopo wa benki ili kituo kimalizwe. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimeshika kofia. Naomba kueleza kwa heshima kwa nini napinga.

1. Ng'ombe wangu. Ndani ya ule ukumbi kumeota nyasi laini ambazo hazipatikani kwingine, na ng'ombe wangu amezalia mle, katika chumba kilichopangiwa kompyuta. Gesare, mama anayeuza mboga pale langoni, aliniambia, "Mzee, hii ni nyumba ya vijana, si boma la ng'ombe." Nikamjibu kwamba ndama pia ni kijana. Akarudi kupanga mboga zake.

2. Wanasiasa wetu. Kila uchaguzi, wagombea wote hupanda juu ya lile rundo la kokoto na kuahidi kumaliza jengo. Tumezoeana. Likimalizika, itawabidi wafikirie ahadi nyingine, na wewe unajua, Mheshimiwa, kwamba wengine wao kazi hiyo hawajawahi kuifanya.

3. Vijana wenyewe. Nasikia watapata maktaba na viti. Kijana akipata mahali pa kukaa, huanza kuongea, na akishaongea, huuliza. Juzi Mageto, fundi wa pikipiki, aliuliza mbele ya chifu, "Kwani ile simiti ya kwanza ilienda wapi?" Hilo aliliuliza akiwa amesimama juani. Je, akiwekewa kivuli?

4. Chai yangu. Nelvine na wenzake hucheza voliboli kando ya shamba langu kwa kukosa uwanja. Mpira ukiangukia ndani ya chai, wasichana huufuata, nami huwaambia kwamba kwa kuwa wameshaingia, watoke wakichuma. Wakipewa ukumbi, nani atanichumia? Nilipolitaja hili wakati wa chakula cha jioni, Nelvine aliweka sahani chini. "Baba, Quinter ameacha timu. Mama yake amesema amechoka kumuuguza homa kila tukinyeshewa. Na wewe unaongea mambo ya majani?" Tangu hapo huniletea maneno kupitia kwa mama yake, Janeffer, ingawa sote tunakaa benchi moja. "Mwambie Baba chumvi iko hapo." Nimeumia sana, Mheshimiwa. Lakini msimamo ni msimamo.

5. Usalama wako. Mdhamini ndiye hukamatwa deni likilala. Benki itakuja kuchukua lori la taka, kisha meza, kisha wewe mwenyewe. Ukishapigwa mnada, sisi wananchi tutamlalamikia nani?

Kwa hivyo naomba mkopo huo utumiwe kuanzisha jengo lingine lisilomalizika, huko upande wa chini wa mji, ili nao wapate nyasi.

Nisalimie bodi yote, dereva wako, na yule askari wa langoni ambaye huniuliza kila mara naenda wapi na hajawahi kuniruhusu niende.

Ni mimi, mwenye manung'uniko na utiifu,

Bethwel Kipkurui

Tanbihi: Leo nilienda na barua hii kwenye mkutano wa kutoa maoni. Niliposimama kupinga, Nyang'au, katibu wa vijana, akanitangulia: "Huyu mzee ndiye amelinda hilo jengo miaka yote, hata jiwe moja halijaibiwa!" Wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kabla sijafungua mdomo. Nelvine alisimama kwenye kiti akapiga mbinja, kisha akasema, "Hongera, Baba," akinitazama mimi, si mama yake. Basi yote niliyoandika hapo juu usiyasome. Ningeandika upya lakini karatasi imeisha. Mwambie mtu wa benki aharakishe, la sivyo nitakuja mwenyewe. Pia tumepata habari kwamba kuna mzee fulani huku kwetu anapinga maendeleo ya vijana. Kamati yangu imeazimia kumtafuta, na tukimpata hatutamhurumia.