Pikapu Inayokataa Maiti

Jumatatu, 7 Julai

Ukungu umelalia migomba tangu alfajiri. Daktari amesema moyo umechoka. Alisema kwa upole, kama mtu anayerudisha daftari lenye sifuri. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Sifuri naijua.

Basi naungama mapema, Mungu anisome kabla hajaniuliza. Dhambi yangu ni moja: sitaki kubebwa na pikapu ya Osea.

Osea ni jirani yangu. Mzee wa kanisa, tumbo mbele. Pikapu yake nyeupe hubeba kila jeneza hapa Igamba. Bure! Kisha huitaja bure hiyo mpaka tunaanua matanga. Alipofariki mke wangu Fortunata, nilisema atabebwa na pikapu yangu. Jeneza likapakiwa. Wabebaji wakakaa pande zote wakilishika, kama desturi. Kwaya ikaanza. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Tik. Kimya. Wakamhamishia Fortunata kwenye ya Osea mbele ya macho yangu. Osea akasema, "Pole, Mwalimu. Chuma nacho huchoka." Akatabasamu! Au jua lilimpiga usoni. Hapana. Siku ile ilinyesha.

Kesho yake pikapu yangu ikawaka mara moja. Tangu hapo huwaka inapotaka, hugoma inapotaka.

Nitalazwa kando ya Fortunata, na nitafika kwa pikapu yangu mwenyewe. Mpango unaanza kesho.

Jumanne, 8 Julai

Fundi Clever kaja kutoka Tunduma. Miwani ya jua, ndani ya ukungu! Kabadilisha kaboni za stata, kasugua vichwa vya betri. Kawasha, kazima, kawasha, kazima. Inaitikia kama mwanafunzi wa mbele. Akaniambia, "Mzee wangu, hii sasa inawaka hata ukiitazama vibaya." Kaondoka akipiga mluzi.

Mchana wachumaji kahawa wakapanda nyuma niwashushe shambani. Nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikagusa kile kishikio cha chuma kwenye dashibodi, cha kuvuta ili injini izime. Hiyo ilikuwa kazi ya Fortunata. Hakukubali nizime mwenyewe. Tukifika nyumbani, yeye alikivuta hadi mwisho, na kusema, "Tumefika, baba Elina."

Kilikuwa cha moto. Si moto wa jua, maana jua hatujaliona. Moto wa mkono. Kama mtu alikuwa amekishika akakiachia nilipofungua mlango.

Wachumaji wakashuka ili wasukume. Kabla hawajagusa bodi nikajaribu tena, ikawaka. Wakatazamana. Wakasema watatembea.

Jumatano, 9 Julai

Sikulala vizuri. Nimefikiri kisayansi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka una sababu inayokuja na kuondoka. Lazima nipime.

Nimeleta jeneza langu. Ndiyo, nililichongesha mwezi uliopita, mbao za msindano, nikalificha ghalani chini ya magunia. Binti yangu Elina alipoliona alikaa chini akashika kichwa. Akauliza watu watasema nini, baba yake kujinunulia jeneza kama kabati! Nikamwambia lina bawaba nzuri. Hakufurahi.

Jaribio la kwanza: jeneza tupu. Ikawaka.

Jaribio la pili: magunia manne ya mahindi, yameegemezwa kwenye kabini. Ikawaka.

Basi uzito si tatizo. Jeneza si tatizo. Limebaki jambo moja.

Kesho naingia mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Nimewaita wachumaji wanne, nimewaahidi ubwabwa. Nimewaambia ni mazoezi tu. Mkubwa wao, Shadrack, akauliza kama mchungaji anajua. Nikasema mchungaji hana haja ya mazoezi.

Nikavaa suti. Nikaingia. Wakanifunika hadi kifuani. Ndani kuna harufu ya gundi na msitu. Jeneza limetokeza nje kidogo maana mimi ni mrefu, kwa hiyo wanne wale wakakaa huku nyuma kabisa, mkono mmoja mmoja juu yangu, nyuso chini. Wazuri sana. Mmoja akajisahau, akaanza kuimba. Wengine wakaitikia. Kwa dakika moja niliamini.

Elina akazungusha ufunguo huku akilia.

Tik.

Wimbo ukakatika, nikainuka kutazama. Taa za mbele zikawa nyekundu, hafifu, kama macho ya mtu anayesinzia. Vifuta kioo vikainuka vyenyewe, vikasimama katikati. Hakuna aliyevigusa. Nilivuta pumzi nikasikia ukungu unadondoka kwenye majani ya migomba.

Shadrack akanong'ona kwamba gari linajua. Akaruka. Wenzake wakaruka. Hawakula ubwabwa!

Elina akachomoa ufunguo, akasema kishikio kinaunguza. Sikumwambia ni mkono wa nani.

Hitimisho: pikapu yangu inakataa maiti. Ilimkataa Fortunata, na mimi inanihesabu tayari. Ila Jumanne nilikuwa kwenye usukani, hai. Au haikuona tofauti?

Ijumaa, 11 Julai

Habari imefika kila nyumba. Watoto wanapita ng'ambo ya barabara. Bibi mmoja kaniletea mayai, kisha akaniomba nisimtazame.

Osea kaja. Nilijua atakuja. Kavaa koti la msibani, mshenzi, kama anapima mlango. Akaniomba nimweleze yote. Nikamweleza, kwa fahari kidogo. Yeye pikapu yake haijawahi kukataa mtu.

Akakuna shingo. Akauliza, "Na hao wabebaji, Mwalimu, uliwahi kuwapakia bila wewe jenezani?"

Nikakumbuka Jumanne. Mwalimu wa sayansi!

Akaita watu wake wanne kutoka barabarani, akawakalisha nyuma kabisa. Mimi nimesimama chini, hai, na fimbo yangu. Jeneza liko ghalani. Akazungusha ufunguo. Tik. Akawaambia washuke. Ikanguruma. Akawapandisha. Tik. Watu wakaanza kucheka. Mimi sikucheka.

Osea akaingia uvunguni, tumbo na yote. Akatoka na matope mgongoni. Kuna waya mnene unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chasisi, na bolti yake imelegea. Watu wakikaa mkiani, chasisi iliyochakaa inapinda kidogo, waya unanyanyuka. Wakishuka, unakaa tena. Magunia yalikuwa huku mbele, hayakupinda kitu. Na umeme ukikosa njia yake hujipitia kwenye chuma chochote, hata kwenye waya wa kishikio, ndiyo maana kinapata moto. Akaikaza kwa spana yake. Wanne wakapanda. Ikawaka. Kishikio baridi kama jiwe.

Nilikishika muda mrefu. Ningependa kiwe na moto kidogo.

Tukakaa kibarazani. Osea alikuwa anakohoa, ile ardhi ina unyevu. Nikamwambia sasa nitabebwa na yangu. Akatikisa kichwa. Akasema mtu hajipeleki mwenyewe kaburini. Anayefika kwa gari lake ni mtu asiyekuwa na jirani. "Ndiyo maana nawabeba. Mke wangu nani alimbeba? Trekta ya watu wa Galula, wageni, nilikodi. Sikupenda." Kisha akasema, "Tufanye hivi, ndugu yangu. Nikitangulia, unibebe wewe. Ukitangulia, nitakubeba mimi. Lakini pikapu yako usiiache mlangoni kama shahidi wa ugomvi wetu."

Aliniita ndugu yangu. Macho yakaniuma. Tukapeana mikono.

Jumapili, 13 Julai

Osea hakuja kanisani. Kikohozi. Wameomba kwa ajili yake. Mimi pia niliomba, kwa sauti.

Kisha, wakati wa mahubiri, likanijia. Sikulitafuta, Mungu ni shahidi. Nikitangulia, unibebe wewe. Kwa hiyo Osea atapakiwa kwenye pikapu yangu. Wabebaji watakaa pande zote. Kata nzima imesimama, kwaya imeanza. Nitazungusha ufunguo.

Tik.

Nami nitashuka taratibu, nitawatazama wanawe, niseme, "Poleni. Chuma nacho huchoka."

Elina ameificha betri chini ya kitanda chake, ati nisiendeshe nikiwa hivi. Bolti haihitaji betri. Alipokwenda kisimani nikatandika gunia, nikajipenyeza uvunguni. Ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Mkono wa kushoto umekuwa mzito tangu asubuhi. Lakini nimeilegeza. Nusu mzunguko tu. Akishazikwa Osea nitaikaza tena siku hiyo hiyo, kwa ajili yangu. Yale ya kubebana yalikuwa maneno ya kibarazani.

Naandika haya ndani ya kabini. Kutoka uvunguni kumenimaliza nguvu, nimepanda nipumzike. Ukungu umeziba vioo vyote. Nyumba siioni. Kuku siwasikii.

Jambo moja la kuungama kisayansi. Nimegusa kishikio. Kina moto. Betri haipo. Hakuna umeme wa kupotea njia. Nimekigusa tena, kina moto zaidi, na kina unyevu kidogo, kama kiganja.

Na sikukivuta mimi. Nilipopanda kilikuwa ndani, nina hakika. Sasa kimevutwa hadi mwisho, kama alivyokuwa akikivuta tukifika nyumbani.

Ishara iko wazi. Fortunata ananiarifu mapema, kama kawaida yake.

Maskini Osea! Hamalizi wiki. Nitafunga macho kidogo, kisha nimwambie Elina aipige pasi ile suti.