Habari za Unywele wa Malkia na Waya Mwekundu

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, enyi mnaotafuna na mnaosonya! Zimeni redio, sogezeni viti, na mwenye mtoto anayelia ampe chochote kilicho karibu, maana ninayowasimulia si ya majeshi wala ya wafalme, bali ni makubwa kuliko hayo: habari za dada yangu mkubwa, Mshika Pipeti Asiyetetemeka (isipokuwa kabla ya chai), jinsi alivyoingia vitani kwa ajili ya paka.

Chanzo cha vita hivyo ni kiti. Bibi yetu alikuwa na paka wake, jina lake Malkia, aliyefariki mwaka juzi kwa uzee na heshima zake zote, akaacha kiti kimoja chenye mto na brashi iliyojaa manyoya, ambayo Bibi aliitunza kwenye droo pamoja na miwani yake ya akiba. Ndipo asubuhi moja akatokea mlangoni paka kijana wa kike, sikio moja limepasuka, akaingia bila hodi, akapanda kile kiti cha Malkia, akalala fofofo.

"Huyu ni damu ya Malkia wangu," Bibi akatamka. "Wale mabinti zake waliohamia mitaa ya nyuma, huyu ni wao."

Akainuka Mjomba, Mwenye Nyumba na Mwenye Mafua, ambaye unyoya mmoja tu humpigisha chafya za kutikisa vikombe kabatini. "Mama, huyo ni mzururaji. Kesho anaondoka."

"Ukimtoa yeye, utanitoa na mimi."

"Basi thibitisha! Akiwa wa ukoo wa Malkia, atakaa mpaka azeeke, nami sitafungua mdomo. Asipokuwa, nje!"

Naam, ndipo Dada, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi wa maabara, akasimama juu ya zulia akahutubu: "Mjomba, sikiliza! Ndani ya seli DNA haiko namna moja. Iko ile ya kwenye kiini, nusu ya baba na nusu ya mama, inayokaa ndani imejifungia kama tajiri. Na iko ya mitokondria, zile mashine ndogo zinazoipa seli nguvu: hiyo ni kiduara kidogo tu, lakini mama humpa binti, binti naye huwapa wanawe, baba hana lake hapo. Unywele uliochomoka hauna DNA ya kiini ya kutosha, ila hiyo ya mitokondria nakala zake ni tele. Nipe brashi ya Malkia, nami nitakuletea ukweli!"

"Mimi nimeuliza paka," Mjomba akasema, "wewe unanipa mtihani."

Lakini alikubali, na mkufunzi wa maabara akakubali pia, kwa kuwa siku ya mazoezi wanafunzi hutafuta cha kupima hata kiwe kidole chao. Basi Dada akayayeyusha manyoya ya Malkia na ya mzururaji, kila moja kichupani mwake, akakikuza kipande kimoja cha DNA hiyo mpaka kikajinakili kama umbeya wa mtaani, kisha akakimwagia kimeng'enya, mkasi usioonekana, ambao hupita juu ya herufi za DNA na kukata pale tu unapokuta mfuatano unaoujua. Wenye mfuatano mmoja hukatwa vipande vinavyofanana. Lakini ole! Majaribio ya kwanza yaliharibika, manyoya ya brashi yakaisha, na DNA ya Malkia ikabaki tone moja chini ya kichupa. Likipotea hilo, mzururaji amepotea nalo.

Siku ya siku ikafika. Upande wa pili wa dirisha dogo la maabara, lililokuwa wazi, walikaa Bibi na Mjomba kwenye benchi, kikapu katikati yao, na ndani ya kikapu mshtakiwa, amelala. Mimi nilikuwa nimebanwa na mpini wa kikapu, lakini macho yalikuwa huru.

Ndani, juu ya meza, ilitandazwa jeli ndani ya sinia la maji, uwanja wa vita ulio laini kama maandazi mabichi, nayo ina vijishimo vitatu upande mmoja. Dada akashusha pipeti, mrija wake wa kudondoshea matone. Cha kwanza, Malkia. Cha pili, mzururaji. Cha tatu, paka wa mlinzi wa chuo, aliyewekwa kwa kulinganisha. Rangi ya bluu iliyochanganywa na DNA ili safari yake ionekane ikatuama shimoni bila kumwagika hata chembe.

Sasa jueni kwamba maabara ile ina desturi yake. DNA ina chaji hasi, nayo umeme ukiwashwa hukimbilia chanya, kwenye waya mwekundu. Basi kabla ya kuwasha, mwenye jeli hushika waya huo na kupaza sauti, "Tunakimbilia wekundu!" na wote huitikia, "Wekundu!" Lakini Dada alitazama dirishani, akaona ukoo mzima, akaona aibu.

"Leo niacheni," akawaambia wenzake. "Hizo ni za mwaka wa kwanza."

Akawasha. Akakunja mikono kifuani. Akatabasamu.

"Wewe binti!" Mjomba akacheka mpaka benchi likalia. "Jeshi lako hilo mbona linarudi kinyumenyume? Limesahau mswaki nyumbani?"

Dada akatazama. Bluu haikuwa ikienda mbele uwanjani. Ilikuwa ikitambaa nyuma ya vijishimo, kuelekea ukingo, na ng'ambo ya ukingo ni maji, na katika maji hakuna paka atakayepatikana tena! Waya mwekundu ulikuwa umechomekwa kwenye tundu jeusi.

Aliruka, enyi wasikilizaji! Aliruka stuli, akamruka mwenzake aliyeinama kufunga kamba za kiatu, akazima umeme, akachomoa nyaya zote mbili, akazibadilisha, akanguruma mpaka vioo vikatetemeka: "Tunakimbilia wekundu!"

"Wekundu!" maabara nzima ikaitika. Bibi naye akaitikia, ingawa hakujua anaitikia nini.

Na ile bluu ikasimama, ikageuka, ikapita tena vijishimoni, ikaingia uwanjani kwa adabu.

Jeli ilipowekwa juu ya taa, vipande vya DNA vikaonekana kama mistari, vidogo vikiwa vimekimbia mbali zaidi, na mistari ya Malkia na ya mzururaji ilikuwa pacha. Ya paka wa mlinzi ilikwenda kivyake.

"Hii haithibitishi kwamba ni mjukuu," mkufunzi akasema kwa uangalifu. "Paka wengi huweza kufanana hivi. Ila haimkatai."

"Mwanangu," Bibi akajibu, "mimi nilisema hivyohivyo bila umeme."

Wote tukamgeukia Mjomba. Alifungua mdomo, akaufunga, akakumbuka ahadi yake, akapiga chafya.

Basi na iandikwe, na isomwe mbele ya vizazi vya paka na vya watu, kwamba siku hiyo nyaya mbili zilibadilishana matundu na ukoo wa Malkia ukarudi kitini. Dada husema aliyeshinda ni mkono wake. Mjomba, kila akipita pale kitini na leso puani, hummwagia mzururaji maziwa kisahanini na kumnong'oneza, "Usidanganywe na mtu. Aliyeiona bluu ni mimi."