Malalamiko Kuhusu Jina la Shangazi Kuwekwa Ghalani Bila Shangazi Mwenyewe Kuulizwa

Kwa Msimamizi,
Ghala la Pamoja la Programu Huria.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa kitako, maana si fupi. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke mtu mzima, mwenye duka la kushona nguo katika mtaa uliotiwa lami upande mmoja. Hatujuani. Hata hivyo jina langu liko kwako, na watu wanalichukua wapendavyo, saa yoyote, bila kubisha hodi.

Nianze na chanzo. Mtoto wa kaka yangu nimemlea mimi, tangu mama yake alipohamishwa kikazi na mtoto bado hajajua kufunga kamba za viatu. Kwangu ni mwanangu. Sasa ni mtu mzima mwenye mke, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Anaifanyia kazi hiyo katika chumba cha nyuma cha duka langu, nyuma ya pazia la kupimia nguo, kwa sababu anasema mlio wa cherehani unamsaidia kufikiri. Humo ndani aliandika kipande kidogo cha programu. Kazi ya kipande hicho ni moja tu: mtu akitaka kufuta kitu kwenye kompyuta, kinamsimamisha na kumuuliza kama ana hakika, halafu kinamuuliza tena kwa maneno mengine. Alikileta kwenye ghala lako ili yeyote duniani akichukue bure na kukitia ndani ya programu yake. Na kwa kuwa ghalani kila kitu lazima kiwe na jina, na jina moja haliwezi kuwa na wenyewe wawili, alikiita "shangazi". Jina lilikuwa halijachukuliwa. Akalichukua.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sikuulizwa. Nililijua jambo hili nikiwa nimepiga magoti mbele ya mteja, karani wa benki, pini zimejaa mdomoni, napinda suruali yake. Nyuma ya pazia mwanangu alikuwa anaongea na simu. Alisema hivi: "Tatizo ni shangazi. Huyo uliye naye ni wa zamani mno. Mwondoe kabisa, safisha pale alipokuwa, ndipo ulete mwingine." Akasikiliza kidogo, akaendelea: "Usiwe na wasiwasi. Wengi wameshamtoa na mambo yao yanakwenda vizuri."

Karani wa benki alinitazama. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu. Nilimaliza mguu wa kushoto, nikamwomba arudi kesho kwa ajili ya wa kulia, nikaenda nyumbani na kuzikunja nguo zangu ndani ya begi. Kisha nikampigia simu kaka yangu, baba wa kijana. Kaka yangu ni fundi bomba, si mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Kaa hapo hapo. Usile kitu mpaka nifike." Akafika na spana mkononi.

Kikao cha familia kilifanyika sebuleni. Mwanangu alieleza mara ya kwanza, hatukumwelewa. Alipoeleza tena, kaka yangu aliuliza, "Kwa hiyo kuna mashangazi wangapi?" Kijana akajibu kwamba kila aliyemchukua ana wake. Kaka yangu akainuka, akaenda kukaza bomba la jikoni, ambalo halikuwa limelegea.

Begi nililifungua mwenyewe. Lakini ieleweke kwamba mchana ule wote niliamini nyumba niliyomlelea mtoto huyu inanitoa, na nilikuwa nimeshaamua nani nimwachie cherehani. Maelezo yalikuwa mazuri. Mchana ule uko pale pale.

2. Ngeli. Watumiaji wako wanaandika "shangazi imekwama", "shangazi imegoma", "shangazi haifanyi kazi". Mimi si stuli. Nilimtaka mwanangu asahihishe, naye akabandika tangazo kwamba shangazi ni mtu na atajwe kama mtu. Ndugu Msimamizi, wametii. Sasa wanaandika "shangazi amekwama", "shangazi amegoma", "shangazi hafanyi kazi", na hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo.

3. Umewafungulia watu uwanja wa kunisema. Chini ya kila jina ghalani pana mahali pa kuandika kasoro. Zangu nimezisoma zote, kwa miwani, na nikaomba nifundishwe kujibu, kwa sababu mwanangu alikuwa anawajibu kwa upole ambao hawakustahili. Mmoja aliandika, "Shangazi anauliza maswali mengi." Nilimjibu: ndiyo. Mwingine akaandika, "Shangazi anatumia kumbukumbu nyingi sana." Nilimjibu kwamba nina mengi ya kukumbuka, naye aanze na ya kwake. Wa tatu alidai kwamba shangazi haelewani na wenzake. Nilimwomba ataje aliyempa habari hizo, na mpaka leo nasubiri jina.

Yupo pia mwanamke anayetunza kompyuta za zahanati. Huyo aliandika kwamba siku moja, akiwa amechoka, alibonyeza pasipotakiwa, na kama si shangazi kumsimamisha angefuta majina ya wajawazito wote waliotazamiwa kujifungua wiki ile. Akasema asante. Nilimwambia apumzike, na ahakikishe anakula mchana.

Kwa haki lazima nitaje kwamba juu ya ukurasa huo mwanangu ameeleza kwa nini alichagua jina hili. Ameandika: "Nililelewa na mtu ambaye hakukata kitambaa cha mtu yeyote kabla ya kumuuliza mara mbili, kwa sababu mkasi haurudi nyuma." Maneno hayo nimeyasoma. Niliyasoma tena asubuhi yake kabla ya kufungua duka. Hayana kosa la tahajia. Hayabadilishi malalamiko yangu.

4. Ndugu nisiowatambua. Baada ya shangazi kujulikana, ghalani wameingia shangazi-mdogo, shangazi-mwepesi na shangazi-bila-maswali. Wa kwanza na wa pili nawaachia. Huyu wa tatu naomba nielezwe anafanya kazi gani.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya "shangaazi", mwenye a moja ya ziada. Huyo aliletwa na mtu asiyejulikana, kwa makusudi, ili anayekosea kuandika amchukue yeye badala yangu. Akishaingia kwenye kompyuta ya mtu, anaiba nywila. Mliposhtuka na kumtoa, mlisambaza onyo, na walioeneza onyo lile hawakuhesabu herufi. Jirani yangu mwenye duka la dawa alivuka barabara kunifuata, akasimama mlangoni, akaniambia kwa sauti ya msibani, "Pole dada. Nasikia shangazi anaiba." Nyuma yake walikuwa wateja wake, wameacha foleni. Ilinibidi nisimame kizingitini na kuwaeleza watu wa mtaa mzima tofauti kati ya a moja na a mbili. Waliitikia kwa adabu. Mmoja wao tangu siku hiyo akija kupimwa anaacha mkoba wake kwa mkewe.

5. Mjomba. Niliuliza kama mjomba naye ameandikishwa. Mwanangu akatazama, akasema jina limechukuliwa zamani sana, ila ndani hamna kitu. Kuna mtu alilishika tu ili wengine wasilipate. Nilipowasimulia wanawake wanaoleta nguo zao dukani, hakuna aliyeshangaa.

6. Kutelekezwa. Mke wa mwanangu alijifungua mtoto wa kike, na kwa muda kijana hakuigusa kompyuta. Mikono ilikuwa na kazi. Akatokea bwana mmoja akakuandikia kwamba shangazi hana mwangalizi, na kwamba yeye yuko tayari kumchukua. Wewe, Ndugu Msimamizi, bila hata kuuliza kama kuna mgonjwa au mzazi nyumbani, ulituma ilani. Kaka yangu aliisoma kwa sauti tukiwa mezani: "Shangazi anaonekana ametelekezwa. Mmiliki asipojitokeza, shangazi atakabidhiwa mwombaji." Kaka yangu aliweka kijiko chini. "Mwombaji ni nani?" akauliza. "Na anatokea ukoo gani?"

Tulimtafuta mwombaji. Ni mfanyabiashara anayetengeneza programu ya kuwashauri watu kuhusu mapenzi, na anasema jina la shangazi kwa sasa halitumiki ipasavyo. Nilimpigia simu mwenyewe. Aliongea vizuri, aliniita mama, akaniahidi kwamba chini yake jina langu litafika mbali. Nilimweleza kwamba niliolewa mara moja, na sijawahi kumshauri mtu yeyote jambo lolote la mapenzi isipokuwa asinunue kitambaa cha harusi kabla ya posa kujibiwa. Akasema hilo hasa ndilo wanalolitafuta.

Mwanangu alikujibu akiwa na mtoto begani, na jina likabaki. Lakini usiku ule mtoto alilia, na kila mmoja wetu aliamka akidhani ni jambo la ghalani.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo yatekelezwe.

(a) Jina la shangazi liondolewe ghalani, na lisiandikishwe tena na mtu yeyote, kwa a zozote.

(b) Hakuna jina la udugu litakalotolewa mpaka mhusika mwenyewe aridhie mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Mwenye kutaka "binamu" alete binamu.

(c) "Mama" lifungwe moja kwa moja. "Baba" nimeambiwa lipo, ila limekaa miaka halijashughulikiwa. Kuhusu hilo sina la kuongeza, kwa kuwa kaka yangu anaisoma barua hii begani kwangu.

(d) Wote waliomchukua shangazi wamrudishe. Mwanangu ananiambia hilo haliwezekani, kwamba programu nyingi zimemtegemea, na akiondolewa ghafla zitasimama za hospitali, za shule na za mamlaka ya maji. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito, na jibu ninalo. Kila ofisi iajiri shangazi wa kweli. Apewe kiti chenye mgongo, akae kando ya kompyuta, na mtu akitaka kufuta kitu amuulize mara mbili. Mashangazi wapo wa kutosha, wengi wao wana nafasi, na hakuna hata mmoja anayehitaji umeme. Ofisi kubwa zinaweza kuwa na wawili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kutoamini jibu. Nipo tayari kuwafundisha walio mtaani kwangu, kuanzia Jumatatu, baada ya kufunga duka.

Sikuandika haya kwa chuki. Najua wewe unatunza tu orodha, na watu wanaleta majina kama wanavyoleta vitambaa, bila kupima. Lakini jina la shangazi nimelipata kwa kuchomwa na sindano, kwa kukesha na homa za mtoto na kwa kutembea mpaka shuleni kwao kuomba radhi. Mtu asiyenijua hapaswi kulipata kwa kubonyeza tu.

Wasalimie wote ghalani, wanaoingia asubuhi na wanaoingia jioni. Msalimie na mama yako, ambaye natumaini hujamwandikisha.

Ni mimi, ninayesubiri jibu nikiwa dukani,

Shangazi
(yule wa kwanza)

Nyongeza: Kabla sijatuma barua hii nilimpa mwanangu aisome. Aliisoma yote, akasema nina haki, na kwamba alipaswa kuniuliza tangu mwanzo. Akasema leo hii atabadilisha jina, ila hajui aweke lipi. Mama mkwe wake, ambaye amekuja kumsaidia binti yake kulea, alikuwa sebuleni anakunja nepi. Akasema bila kuinua kichwa, "Wekeni langu, baba. Mamamkwe. Mimi sina neno. Hata picha mkitaka, ninayo."

Mwanangu amefurahi sana. Amesema ni jina zuri.

Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, barua hii uihesabu haikufika. Jina la shangazi libaki lilipo, na kila mwenye kumtegemea shangazi aendelee kumtegemea. Kasoro zote zitajibiwa na mimi mwenyewe, kila siku, baada ya chai. Yale ya kuajiri mashangazi maofisini yafute.

Pamoja na hayo, naomba uniandikishie kwa jina langu shangaazi, shanngazi, shangazi-halisi na shangazi-mkuu. Ndani yake sina cha kuweka kwa sasa. Na hilo la mamamkwe, kama bado halijachukuliwa, nipe mimi, na unipe leo. Ameshauliza linaandikishwa vipi, na mwanangu yuko chumbani anamtafutia miwani.