Kamati ya Kumtafuta Mwenye Kitanda

Wananchi wote wa Bwera wanatangaziwa, kwa heshima kubwa, kwamba suala la kitanda cha Kambale limeundiwa kamati. Ndivyo lilivyosema tangazo kwenye mlango wa Ofisi ya Utulivu wa Raia. Lilikuwa na mihuri miwili, na Marita alilisoma mara tatu, maana shule ya msingi ilimfundisha kwamba karatasi yenye mihuri miwili inataka kitu kwako.

Kambale alikuwa mdogo wake. Mwezi uliopita akili yake ilichoka. Hakulala siku sita, kisha akajipa kazi ya kuongoza magari kwenye lango la ofisi hiyo. Alipitisha ng'ombe, akapitisha baiskeli za vitunguu kutoka Kongo, lakini gari la afisa mkuu, Mzee Mugume, alilisimamisha asubuhi tatu mfululizo akidai halina sababu ya kuingia. Asubuhi ya nne Mzee Mugume aliita gari la spesho, yaani teksi ya kukodi. Kambale akafungwa mikono kwa kamba, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kule Kasese. Marita alikuwa shambani. Hakuulizwa.

Dawa zilimsaidia, Mungu asifiwe. Siku ya kumi na nne daktari alimwambia aende nyumbani. Mhasibu akamwambia akae mpaka alipe. Na kila siku aliyokaa akingoja kulipa ilihesabiwa kuwa siku ya kulala, ikaongezwa kwenye bili. Basi mtu mzima wa afya akawa anazidi kudaiwa kwa sababu anadaiwa, jambo ambalo hospitali ililieleza kuwa ni utaratibu.

Kamati ilikaa Jumatatu, ikamwita Marita, ikanywa soda, ikapokea posho ya kukaa. Mzee Mugume, ambaye ndiye mwenyekiti, alieleza kwa upole kwamba mwenye kitanda ni yule aliyekilalia. Akishindwa, ni ukoo wake. Alikuwa amesikia Marita ana kishamba cha mpunga cha kukodi huko Mubuku. Si akirudishe tu, apewe kodi iliyobaki, deni liishe?

Marita alikunja mikono mapajani. Kishamba kile ndicho kilichowalisha tangu mumewe afariki. Kambale akitoka, angekula nini?

“Mama, tumia akili,” Mzee Mugume alisema. “Mutalii akilala hoteli ya Mweya, nani analipa?”

“Mutalii anajipeleka, afande. Mimi sijaona mutalii amefikishwa Mweya na kamba kwa mikono.”

Wajumbe wakaandika kwamba mama hakuwa na hoja.

Hapo akaingia Sowedi, dereva wa spesho, akatoa salamu na kusema hajalipwa ile safari ya Kasese. Mwenyekiti akamwonyesha Marita kwa kidole. Sowedi akatikisa kichwa. Kwenye siteji yao, kituo cha magari pale sokoni, sheria ni moja tu: anayeita gari ndiye analipa, hata kama aliyepanda ni mbuzi.

“Mzee, siteji haijui ukoo,” alisema. “Siteji inajua nani aliita. Ukikataa, sawa. Lakini hakuna gari itabeba tena mutu wa ofisi yako, hata bibi yako akitoka soko.”

Mzee Mugume alifikiri. Kisha uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyekumbuka kwamba kuna fungu la fedha Kampala. Afisa anayelipa gharama za kazi kwa mfuko wake hurudishiwa, mradi awe na karatasi; na karatasi nene hurudisha fedha nene. Akamlipa Sowedi papo hapo, akamgeukia katibu, Nasifah.

“Andika: gharama zote za kumchukua Kambale, kumpeleka na kumtunza ni za afisa mkuu, kwa kuwa ndiye aliyeita.”

Nasifah aliinua kalamu. “Zote, mzee? Hata kumtunza?”

“Zote. Usinipunguzie.”

Ikapigwa mihuri mitatu. Marita, asiyekuwa na tabia ya kuomba vitu maofisini, aliomba nakala. Akapewa, kwa kuwa kanuni inataka mwananchi apewe karatasi ili aondoke.

Kesho yake mhasibu wa Kasese aliisoma nakala ile mpaka chini, akahesabu mihuri, akasema hajapata kuona bili yenye mwenyewe mzuri hivyo. Kambale akarudishiwa viatu vyake. Njiani aliuliza kama mpunga umepandwa.

“Bado,” Marita alimwambia. “Tunaenda wote.”

Hospitali nayo ikamwandikia Mzee Mugume, ikimwalika “kuhusu malipo.” Alivaa suti, akafika Alhamisi mapema kupokea fedha zake, akiamini Kampala imezipitishia huko. Alipoonyeshwa bili, alipiga meza, akapaza sauti, akataja vyeo vyake vyote. Askari alifunga lango bila chuki. Utaratibu ni kwamba mwenye deni hatoki, na kitanda, kwa bahati, kilikuwa wazi.

Marita alipoletewa habari hiyo hakucheka. Alimwombea Mzee Mugume kwa jina, akasema amina, ndipo akacheka.

Jumatatu iliyofuata hospitali ilipiga simu Bwera kuuliza nani atamlipia. Nasifah alijibu kwa heshima zote kwamba suala hilo ni zito, na lazima kamati ikae. Ila kwa kanuni, kamati haikai bila mwenyekiti, na mwenyekiti hajaonekana kazini tangu Alhamisi, wala hakutuma udhuru.